Mgeni Aliyenyimwa Jembe

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani. Wengi mlikuwa zamu kazini, mkaomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimeondoa tu picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wote mliofika. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Vijana mliosimama pale mlangoni, karibuni ndani, viti vipo mbele.

Nimeombwa niseme juu ya neno ambalo sasa hivi liko kwenye kila televisheni: kwamba wahamiaji wamekuja nchi hii kula kodi za wenyeji. Najua mlitarajia nianze na Washington. Nitaanza na mtoto wa miaka minne.

Mnajua kazi yangu ni ukalimani hospitalini. Mwaka 2019, usiku mmoja wa mwezi wa tisa, niliitwa chumba cha dharura. Nikamkuta mama wa Kikongo amempakata mtoto, kifua kinapanda na kushuka kama mtu anayetoka kukimbia, midomo imebadilika rangi. Pumu. Daktari akauliza, dawa yake ya kuvuta iko wapi? Mama kimya. Daktari akarudia. Yule mama hakumtazama daktari, alinitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, dawa iliisha mwezi wa saba. Nilimtoa kwenye Medicaid." Yaani bima ya matibabu ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

Kwa nini, dada?

"Walisema ukichukua msaada wa serikali wanakunyang'anya kadi."

Walisema. Nani walisema? Hakumjua aliyesema. Alisikia kazini, akasikia tena kwenye kundi la WhatsApp, akaona heri mtoto akose dawa kuliko familia nzima irudishwe. Sasa nisikilizeni. Mtoto yule alizaliwa hapa. Ni raia wa Marekani kama rais alivyo raia. Mama mwenyewe alikuwa na kadi ya kijani, kibali cha ukaazi wa kudumu, mkononi. Kanuni iliyokuwa ikizungumzwa, ile ya kumkatalia mtu kadi kwa kuwa huenda akawa mzigo wa umma, ilitangazwa rasmi Agosti 2019, mwezi mmoja baada ya mtoto kutolewa. Ilianza kutumika Februari 2020. Haikuhesabu msaada anaopewa mtoto raia. Haikumlenga mtu aliyekwisha kupata kadi na kukaa nayo nyumbani kwake. Na Machi 2021 ikafutwa.

Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini nimewahi kujiuliza mara nyingi: ni sheria gani iliyomnyima yule mtoto dawa? Hakuna. Hofu ndiyo iliyomnyima. Mjadala huu mnaouona wa wakubwa, kabla haujafika bungeni unapita kwenye kifua cha mtoto.

Na hofu hii haikuanza na yule mama. Mwaka 1996, nchi hii ilipobadilisha sheria za misaada, watafiti waliona jambo lilelile: hata wakimbizi ambao sheria ilikuwa bado inawaruhusu walijiondoa, na watoto raia wakajikuta wameondolewa pamoja na wazazi wao. Watu walikimbia mlango uliokuwa wazi.

Ndugu zangu, hivi mnadhani sisi ndio wa kwanza kuitwa mzigo?

Neno hilo, mzigo wa umma, limo kwenye sheria ya uhamiaji ya Marekani tangu mwaka 1882. Sheria ya Agosti mwaka ule ilitoza kila abiria anayeshuka melini senti 50, ikamfungia mlango mfungwa, mwenye maradhi ya akili, na mtu yeyote asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo wa umma. Hapo hakukuwa na Mkongo wala Msomali kwenye foleni. Waliokuwa kwenye foleni ni babu za hawa wanaotuambia leo kwamba babu zao walikuja kwa utaratibu na hawakumtegemea mtu. Kabla ya hapo, jimbo la Massachusetts lilikuwa likiwarudisha ng'ambo ya bahari maskini wa Kiayalandi waliokimbia njaa ya viazi. Waayalandi! Leo mji mzima wa Boston unajivunia kuwa wa kwao.

Niwape kisa kimoja ninachokipenda. Kabla tu ya Vita Kuu ya kwanza, kundi la vibarua kutoka dola ya Urusi lilishuka bandarini likielekea Portland, Oregon. Hawakujua kusoma. Mmoja wao, jina lake Gegiow, alikuwa na dola 40 mfukoni. Maofisa wakasema: huko Portland kazi hakuna, hawa watakuwa mzigo, warudishwe. Kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1915 majaji wakasema hapana: sheria inawaruhusu kumpima mtu mwenyewe, afya yake na uwezo wake, haiwaruhusu kumkataa kwa sababu soko la kazi la mji fulani limejaa. Dola 40, hajui kusoma, lakini akaipeleka serikali ya Marekani mahakamani na akashinda. Vijana, liandikeni jina hilo.

Upande wa pili wa neno hilo ni mchungu. Septemba 1930, mdororo wa uchumi ulipoanza kuuma, serikali ya Rais Hoover iliwaagiza mabalozi wadogo walioko nje wawe wakali: yeyote anayeonekana atakuwa mzigo wa umma asipewe viza. Miaka michache baadaye Wayahudi wa Ujerumani walianza kukimbia. Serikali ya kwao ilikuwa imewapokonya mali, kwa hiyo walipofika mbele ya dirisha la viza walikuwa mikono mitupu. Na mkono mtupu ndio ulioonekana kuwa ushahidi wa mzigo. Nafasi zilizotengwa kwa watu wa Ujerumani hazikujazwa kwa miaka mingi ya muongo ule, huku wenye kuzihitaji wakiwa wamesimama nje. Yaliyowapata waliobaki mnayajua.

Sisemi haya ili tuilaani nchi iliyotupokea. Nasema ili mjue kwamba maneno mawili tu ndani ya sheria, yakitafsiriwa kwa huruma au kwa ukali, yanaamua nani ataishi.

Sasa nije karibu na nyumbani.

Nilifika nchi hii mwaka 2012 nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Walioko hapa waliopitia kule wanaujua ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, unaubeba kifuani tangu kambini mpaka uwanja wa ndege wa Marekani, na ndani yake ndimo yalimo maisha yako yote. Jirani yangu wa kwanza alikuwa mzee Mmarekani, dereva mstaafu wa malori. Alinikwamulia gari kwenye theluji, tukazoeana. Siku moja akaniuliza, wala hakuuliza kwa chuki: "Ni kweli kwamba mkifika mnapewa nyumba na gari?"

Niliingia ndani nikamletea barua ya deni langu la tiketi ya ndege. Mnakumbuka ile karatasi ya ahadi tuliyoitia sahihi kabla ya kupanda? Mkimbizi anayeletwa Marekani anakopeshwa nauli, bila riba, na anailipa mwenyewe, mwezi kwa mwezi, kwa mshahara wa kuchinja kuku au kufua mashuka ya hoteli. Mzee aliisoma barua yote. Akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Kiwanda kilipofungwa na kaka yangu akapoteza kazi, hakuna aliyekuja kumuuliza anakula nini."

Ndugu zangu, siku ile ndipo nilipoelewa swali lake. Alikuwa akiuliza habari za kaka yake. Mtu aliyeumizwa na nchi yake na hakusaidiwa, ukimwambia kuna mgeni amesaidiwa, ataamini hata uongo. Msimchukie mtu huyo. Mjibuni, na mumjibu kwa mambo ya kweli.

Na ya kweli ni yapi? Tuseme kinagaubaga, maana hata sisi wenyewe wengi hatujui.

Asiye na makaratasi hapati stempu za chakula za SNAP, hapati Medicaid ya kawaida, hapati TANF, fedha taslimu za familia maskini, wala SSI, fedha za wazee na walemavu maskini. Anachoweza kupata ni matibabu ya dharura, lishe ya WIC kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, shule kwa mtoto wake na chakula cha shuleni. Kwa sehemu kubwa ni hayo tu. Mwenye kadi ya kijani aliyekuja kwa ndugu au kwa bahati nasibu ya viza, kwa kawaida anasubiri miaka mitano kabla ya kugusa stempu au Medicaid, ingawa mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye kadi hasubiri stempu, na majimbo mengi yamewaondolea watoto na wajawazito kungoja Medicaid. SSI ni ngumu zaidi, mara nyingi inadai historia ya kazi ya karibu miaka 10. Na aliyemleta ndugu yake ametia sahihi kiapo cha udhamini kwamba kipato chake hakipungui asilimia 125 ya mstari wa umaskini, na kwamba mgeni akikwama, yeye ndiye wa kudaiwa. Kiapo hicho kina nguvu mahakamani. Kuna watu hapa wametia sahihi bila kukisoma, mtanisamehe, nawaona.

Mengi ya haya yametoka kwenye sheria aliyoisaini Rais Clinton tarehe 22 Agosti 1996. Kuna mama mmoja ambaye ningependa mabinti zetu wamjue, Barbara Jordan, Mmarekani mweusi wa Texas, mwanasheria na mbunge wa zamani. Yeye ndiye aliyeongoza tume ya taifa ya kuchunguza sera ya uhamiaji. Hakuwa mlegevu: tume yake ilitaka mipaka isimamiwe, ilitaka wasio na makaratasi wasipate misaada isipokuwa ya dharura, ilitaka wadhamini wabanwe watimize ahadi. Lakini mhamiaji halali, aliyekubaliwa na nchi kwa mkono wake yenyewe, tume ilikataa anyang'anywe kinga ya jumla wakati wa shida. Barbara Jordan alifariki Januari 1996. Miezi saba baadaye Bunge likapitisha yaleyale aliyoyakataa.

Mwaka 1997 wazee wengi waliokuwa wamekatiwa SSI walirudishiwa, mwaka 2002 stempu zikalegezwa. Ila uzio wa miaka mitano umebaki.

Sasa nafika kwenye hesabu, na hapa naomba utulivu, hata kama chai imeanza kunukia.

Mtasikia mtu akisema kwenye redio: zaidi ya nusu ya kaya za wahamiaji zinakula msaada. Na mwingine, siku hiyohiyo, atasema: wahamiaji wanatumia misaada kidogo kuliko wenyeji. Mtasema mmoja wao ni mwongo. Mimi nimekaa na takwimu hizi usiku mwingi, na nawaambia wote wawili wamehesabu. Wameamua tu kuhesabu vitu tofauti.

Chukueni nyumba moja. Baba na mama kutoka Mombasa, wana kadi za kijani, wote wanafanya kazi ghalani, yeye usiku, mke mchana. Wana watoto wawili, wote wamezaliwa hapa. Baba na mama hawachukui chochote. Watoto wanakula bure shuleni, na wana Medicaid.

Anakuja mhesabuji wa kwanza, taasisi ya Center for Immigration Studies, inayotaka uhamiaji upunguzwe. Anagonga mlango, anauliza: nani kichwa cha nyumba? Mhamiaji. Je, kuna yeyote humu anayetumia msaada wowote? Ndiyo, watoto. Basi anaandika: kaya ya mhamiaji, inatumia msaada. Kwa hesabu ya namna hiyo, mwaka 2022 walipata asilimia 54 kwa kaya za wahamiaji na asilimia 39 kwa kaya za waliozaliwa hapa.

Anakuja mhesabuji wa pili, taasisi ya Cato, inayotaka milango iwe wazi zaidi. Yeye hahesabu nyumba, anahesabu vichwa na dola. Baba: sifuri. Mama: sifuri. Watoto? Hao ni wazaliwa wa hapa, anawaweka kwenye kapu la wenyeji. Anaongeza na pensheni za Social Security na matibabu ya wazee ya Medicare, ambako wenyeji wanachukua zaidi kwa kuwa wana wazee wengi. Kwa mwaka huohuo wa 2022 anapata kwamba mhamiaji mmoja hutumia asilimia 21 pungufu ya mzaliwa wa hapa.

Nyumba ni ile ile. Mlango ni ule ule. Watoto ni wale wale!

Kwa hiyo msibishane juu ya asilimia. Ulizeni: mtoto yule ni wa nani? Akiwa anakula ugali wa shule ni mhamiaji, na akivaa sare ya jeshi la nchi hii miaka 14 baadaye ni Mmarekani? Mimi nasema ni mtoto wa nchi hii siku zote mbili. Ila nitakuwa mkweli kwenu: mhesabuji wa kwanza ana hoja. Mtoto huyo asingekuwa hapa kama wazazi wake wasingekuja, na shule inamgharimu mlipa kodi fedha halisi. Tukikataa kulisema hilo tunaonekana tunaficha jambo. Tulikubali, kisha tuendelee na hesabu mpaka mwisho wake, maana watu wengi wanaifunga daftari mtoto akiwa bado darasa la tatu.

Mwaka 2016 jopo la wachumi na wasomi wengine wa National Academies, akademia za sayansi za Marekani, chombo ambacho pande zote mbili hukinukuu, lilitoa ripoti kubwa. Kwa bajeti za majimbo na serikali za mitaa, kati ya 2011 na 2013, mtu mzima wa kizazi cha kwanza aligharimu wastani wa dola 1,600 kwa mwaka zaidi ya alichochangia, sehemu kubwa ikiwa ni shule za watoto. Nalisoma hili waziwazi. Na watoto hao walipokua? Kizazi cha pili kilichangia dola 1,700 kila mmoja zaidi ya kilichopokea. Kizazi cha tatu na kuendelea, yaani wenyeji, dola 1,300. Watoto wetu wanarudisha zaidi kuliko wenyeji wenyewe.

Jambo lingine ambalo halisemwi: kodi za mapato yetu na makato ya Social Security zinakwenda Washington, lakini shule na hospitali ya mtaa zinalipwa zaidi na jimbo na wilaya. Ndiyo maana gavana analia na hazina ya taifa inacheka. Wasio na makaratasi peke yao, kwa makadirio ya taasisi ya kodi iitwayo ITEP, walilipa kodi za dola bilioni 96.7 mwaka 2022. Kati ya hizo bilioni 25.7 ziliingia kwenye Social Security, mfuko ambao kwa sheria ya leo hawatauchota wakizeeka. Mama anayesafisha ofisi usiku anamlipia pensheni mzee anayemwita mnyonyaji. Wote wawili hawajui. Linaniuma sana hilo.

Sasa niwaeleze juu ya jembe.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza ujamaa. Sisi tulioisikia shuleni tulidhani inamwonya mgeni asizembee. Nilipokaa Nyarugusu nikaisikia upya. Kule kambini tulikuwa wanaume wenye nguvu, mafundi, walimu, wakulima, na hatukuruhusiwa kutoka kwenda kutafuta kazi. Tunasubiri mgao: unga, maharage, mafuta, chumvi. Baba yangu alikuwa amelima tangu utotoni. Alikuwa akikaa mlangoni mwa kibanda anatazama viganja vyake vikilainika. Akaniambia siku moja: "Methali haisemi mgeni ajitafutie jembe. Inasema mpe."

Inasema mpe! Amri anapewa mwenyeji.

Sasa tazameni New York. Kuanzia majira ya kuchipua ya 2022 waliingia mjini humo watu zaidi ya 200,000, wengi wakiomba hifadhi. Mji ule ulikuwa umefungwa na makubaliano ya mahakama ya mwaka 1981 yaliyoulazimu kumpa malazi asiye na pa kulala. Hoteli zikajaa, mahema yakapigwa, fedha zikamwagika. Septemba 2023 meya Eric Adams alisema hadharani kwamba jambo hili litauharibu mji. Nchi nzima ikaona picha za watu wazima wamekaa kwenye ngazi za hoteli saa nne asubuhi, ikasema: si mnaona? Wamekuja kula.

Kwa nini walikuwa wamekaa?

Kwa sababu sheria ya nchi inamzuia mwomba hifadhi kufanya kazi. Anawasilisha maombi yake kwanza. Zinapita siku 150 ndipo anaruhusiwa kuomba kibali cha kazi, na hakitolewi kabla ya siku 180. Na hizo zinahesabiwa tangu maombi yapokelewe, wakati wengi walikaa miezi bila mwanasheria wa kuwasaidia kuyajaza. Lengo la utaratibu huu, tangu miaka ya 1990, lilikuwa kuzuia watu kudanganya kwamba wanaomba hifadhi ilhali wanatafuta kibali tu. Naielewa sababu hiyo, na udanganyifu wa namna hiyo ulikuwepo. Lakini matokeo yake mliyaona: mtu mwenye mikono miwili amekalishwa nusu mwaka, analishwa kwa kodi, huku mikahawa ya mtaa huohuo imebandika matangazo ya kutafuta wafanyakazi. Gavana na meya, watu wa chama kilekile cha rais wa wakati ule, Biden, wakaililia Washington: wapeni vibali. Mwezi huohuo Wavenezuela waliokwisha kuwepo waliongezewa hifadhi ya muda ili waweze kufanya kazi.

Mchumi Milton Friedman alifundisha kwamba huwezi kuwa na milango wazi na wakati huohuo ukawa na serikali inayogawa misaada. Wanaotaka tufukuzwe wanalipenda sana neno hilo. Mimi nawauliza: milango haijawa wazi tangu sheria ya 1924 ya kuwawekea wahamiaji idadi, na misaada imezungushiwa uzio tangu 1996. Kilichobaki ni jembe. Kwa nini hilo nalo linanyimwa? Mkiwa mnaogopa mzigo, mfungueni mtu mikono.

Nina neno moja la ndani ya nyumba, na si zuri.

Septemba 2022 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko Minnesota walifungua kesi ya fedha za chakula cha watoto wakati wa korona. Dola milioni 250 zilidaiwa kuibwa kwa kuandika watoto ambao hawakuwahi kula. Waliotiwa hatiani si wa rangi moja, na aliyetajwa kuwa kinara ni Mmarekani mweupe, lakini wengi wa washtakiwa walikuwa wahamiaji wenzetu wa Kisomali au watoto wao. Baada ya hapo jamii nzima ikapakwa tope, hadi bibi ambaye hajawahi kuona fomu. Kuwapaka wote tope ni dhuluma, nalisema kwa sauti. Lakini nalisema na hili: aliyeiba chakula cha watoto ameiba, na asitafute kivuli nyuma yetu. Nimekaa kama mkalimani kwenye ofisi nikasikia mtu akiniambia kwa Kiswahili, "waambie ninaishi peke yangu," na mimi nimeshakula kwake na mumewe. Sikutafsiri uongo ule, nikaomba niondoke. Alinuna mwaka mzima. Anaweza kuendelea kununa.

Mwisho, kuna mabadiliko ambayo wengi mmeyasikia nusunusu. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye stempu za SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana kadi ya kijani. Kwa miaka mingi wakimbizi ndio waliokuwa wameachwa nje ya uzio wa miaka mitano, kwa sababu nchi ilikubali kwamba mtu aliyekimbia risasi hana akiba. Sasa wanazuiwa mpaka wapate kadi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 Medicaid nayo inawabana hivyohivyo. Kwa maoni yangu hili ni kosa kubwa, na nimemwandikia mbunge wetu kumwambia. Mnaweza kuandika nanyi. Mbunge hupokea barua hata ya asiye raia, mradi anaishi kwenye wilaya yake.

Lakini kabla ya barua, fanyeni hili. Mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja hapa, sheria inamtaka aombe kadi ya kijani. Ombeni. Msingoje. Mwenye kadi ameruhusiwa. Mwenye mtoto raia, msimtoe mtoto kwenye matibabu kwa sababu ya sauti ya WhatsApp. Ulizeni kwanza kwa mwanasheria wa uhamiaji au kwa shirika lililowapokea, si kwa mimi, maana mimi ni mkalimani tu na sheria hubadilika.

Wanasheria wawili wa kujitolea wamekaa pale nyuma, meza yenye kitambaa cha bluu. Zile barua za serikali mlizoziweka juu ya friji bila kuzifungua, najua zipo, zileteni. Mtaanza wazee, kisha akina mama wenye watoto. Chai ipo, maandazi yapo, na ukalimani ni wangu mpaka wa mwisho atakapoondoka.

Asanteni kwa kunisikiliza.